Kikombe cha Charo

Mishi mwanangu,

Mamako yumo chumbani kwako, anatoa nguo sandukuni na kuzipanga upya kwa mara ya tatu. Mimi nimefukuzwa humo, nimeambiwa nazuia njia. Nimekaa hapa mezani tangu niliporudi msikitini kuswali alasiri, na kalamu yako mwenyewe mkononi, ile uliyoitafuna kifuniko. Mambo ya sweta la Nairobi, ya kula vizuri na ya kupiga simu kila Ijumaa ameshakwambia yeye, na atakwambia tena kesho mpaka mlango wa stesheni. Mimi siyagusi. Nakuandikia jambo moja, na nataka ulisome leo hii kabla hujalala, kwa sababu kesho nitakuhitaji.

Mchana uliniuliza kwa nini nimemwambia dereva wa teksi aje alfajiri, hali treni yako inaondoka Miritini alasiri. Nikakujibu ni foleni. Ukacheka, ukasema hata foleni ya darajani haijafika hapo. Ulikuwa na haki ya kucheka. Kesho kabla ya Miritini tunakwenda Utange, kwa mtu anayeitwa Charo, na lazima tumkute kabla hajatoka kwenda kibaruani.

Charo humkumbuki, lakini kikombe chake unakijua. Ni kile cha bati cha rangi ya buluu kilichomo ndani ya friza letu, kilichojaa barafu, na shilingi moja imekaa juu ya barafu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiichokoa ile shilingi kwa kijiko, nami nikikukaripia. Uliponiuliza ni cha nini nilikwambia ni cha kupimia stima. Hilo si uongo. Stima ikipotea muda mrefu, barafu huyeyuka na sarafu huzama. Hata ikiganda tena baadaye, utaikuta sarafu chini, nawe utajua kwamba friza lilikufa wakati hukuwapo. Nilichokuficha ni kwamba ujuzi huo si wangu na kikombe si changu. Nilikitoa kazini Changamwe miaka kumi na mitatu iliyopita, wewe ukiwa darasa la tatu, nikijiambia nitamrudishia mwenyewe wiki hiyo hiyo.

Charo alikuwa mtunza chumba cha baridi katika stoo ya samaki. Mimi ndiye niliyewaandikia programu ya kusimamia vyumba vile, ile iliyokuwa ikionyesha kwenye skrini kila chumba kina baridi kiasi gani. Unaikumbuka hadithi yake, maana nimeisimulia kila Idi mpaka wajomba zako wakawa wananikimbia: jinsi babako, mtoto wa Kisauni aliyejifunza kompyuta kwa vitabu vya kuazima, alivyofanya mafriza yaseme. Wewe uliipenda sana hadithi hiyo. Ulikwenda nayo shuleni. Nusu yake ya pili sikukusimulia kamwe.

Mambo ya kompyuta unayajua kunishinda siku hizi, lakini acha niyaeleze kwa njia yangu, ili mamako akiisoma barua hii, na najua ataisoma, asipotee. Programu za aina tunayoandika mimi na wewe zina msimamizi wa kumbukumbu. Ukitaka kuhifadhi kitu, humwambii akiweke wapi. Yeye hutafuta nafasi, akakiweka, akakihamisha akipenda, na kisipotumika tena hukiondoa. Kila kitu hukivalisha kichwa mbele, yaani baiti chache, vijisehemu vidogo vya kumbukumbu, za kumkumbusha yeye mwenyewe kitu hicho ni cha aina gani. Baada ya kichwa ndipo hufuata namba zako. Kazi yako ni kuiomba kila namba kwa jina lake tu. Ukubwa wa kichwa, mpango wa namba na mapengo anayoyaacha katikati, yote hayo ni shauri lake, na hubadilika kulingana na processa, ule ubongo uliomo ndani ya mashine.

Mimi sikuomba kwa jina. Kompyuta ya stoo ilikuwa kuukuu, yenye kujikokota, na mimi nilitaka namba igeuke papo hapo bosi akisimama mbele ya skrini. Basi nikapekua mpaka nikajua vitu vimelazwaje. Kila chumba kilikuwa na namba mbili: ya kwanza ni baridi tunayoitaka, ya pili ni baridi iliyopo. Kichwa kilichukua baiti nane, namba ya kwanza baiti nne, kwa hiyo ya pili ilianzia baiti ya kumi na mbili. Nikaiamrisha programu iende moja kwa moja ikasome hapo. Ni kama umtume mtu kabatini akuletee leso ya tatu kutoka juu, badala ya kumwambia akuletee ile nyekundu. Akienda leo ataleta nyekundu. Mamako akiongeza nyingine juu kesho, ataleta ya kijani, naye atakuapia kwamba ametii.

Ilifanya kazi miaka miwili. Nilisifiwa, na sifa zilinikaa kichwani vibaya.

Kisha stoo ikanunua kompyuta mpya. Ya zamani ilikuwa ya biti thelathini na mbili, hii ni ya sitini na nne. Nikahamishia programu yangu, ikawaka bila kulalamika. Kwenye mashine mpya kichwa kilikuwa baiti kumi na mbili. Kila kitu kilisogea nafasi nne. Pale nilipozoea kukuta baridi iliyopo, sasa palikaa baridi tunayoitaka. Skrini ikawa haisomi chumba tena. Ilikuwa inanisomea matakwa yangu mwenyewe.

Utasema, Baba, hukuijaribu? Niliijaribu, Mishi. Niliijaribu siku ambayo vyumba vyote vilikuwa vizima. Tulitaka nyuzi ishirini chini ya sifuri, na chumbani mlikuwa na nyuzi ishirini chini ya sifuri. Namba mbili zilikuwa sawa, ukisoma hii au ile jibu ni lile lile. Nikapiga makofi, nikaenda zangu kunywa chai kwa mahamri. Tangu siku hiyo, nikiandika chochote, kwanza nakiharibu. Nazima kipimo, nafungua mlango, natia uongo ndani nione kama programu itashtuka. Hilo chukua nenda nalo, litakufaa kuliko sweta.

Charo alikuja ofisini kwangu kama baada ya mwezi. Alisimama mlangoni, glavu zake zimebanwa kwapani.

"Athmani, hichi chumba cha pili si kizima. Mchana chaingia joto, usiku chaganda tena."

Nikamwonyesha skrini. "Tizama mwenyewe. Ishirini. Haikutikisika tangu asubuhi."

"Ndiyo, naiona. Lakini mlango nikiweka mkono naona wanambia mengine."

"Charo bwana, mlango nao umeanza kusema?"

Vijana waliokuwa ofisini wakacheka. Naye akacheka kidogo, kwa adabu, akaenda zake. Sasa ninapoandika naona aibu inanipanda usoni. Namba ya friza iliyokaa pale pale kutwa nzima bila kupanda wala kushuka, mlango ukifunguliwa na kufungwa mara hamsini, ilitosha kumshtua mtu yeyote mwenye akili. Mimi nilikuwa naipenda mno kuitilia shaka. Na nitakwambia lililo baya zaidi, maana nimeamua kutojisetiri. Moyoni nilikuwa nikimwona Charo ni mbeba mizigo kutoka bara ya Kilifi asiyemaliza shule, na mimi ni mtu wa mji. Kama maneno yale yangetoka kwa mtu mwenye tai, ningesimama.

Alirudi mara ya pili. Nilimjibu bila kuinua kichwa.

Wiki iliyofuata mnunuzi alifungua makatoni ya pweza waliokaa chumba cha pili, akaziba pua. Mzigo mzima ulikuwa umeharibika. Bosi akatuita sote, akanitaka nitoe kumbukumbu za mwezi mzima. Nikazitoa, zimechapwa vizuri kwenye karatasi: ishirini, ishirini, ishirini, ukurasa baada ya ukurasa. Bosi akazipitia, akasema basi chumba hakina kosa. Kama chumba hakina kosa, mzigo umeharibikia nje, na mwenye funguo za chumba ni mmoja tu. Ama Charo aliuacha mzigo juani, ama alitoa wazima akaingiza waliooza. Hakutaja neno wizi. Hakukuwa na haja, kila mtu alilisikia.

Charo hakupiga kelele. Alitoka, akarudi na kikombe chake cha buluu, ambacho alikuwa akikiweka kwenye rafu ya nyuma ya chumba cha pili. Hakumpa bosi. Alikuja nacho kwangu, akakiinamisha ili nione ndani. Shilingi ilikuwa chini kabisa, barafu imeifunika.

"Athmani, watizama? Sarafu imezama."

Nilikuwa na nafasi ya kutizama, Mishi. Kikombe kilikuwa chini ya pua yangu. Nikageuza uso kwenye karatasi zangu nikasema, "Mimi natizama namba."

Akatolewa siku hiyo hiyo. Getini hakuomba kitu ila kikombe. Aliniangalia mimi akasema, "Kikombe changu kimebaki kwako." Bosi akasema hakuna kinachotoka. Nami niliyekiokota pale alipokiacha mezani nikabaki nimesimama nacho mkononi, barafu inanichoma vidole.

Siku kumi baadaye ulikuja mzigo wa kamba wanaotaka nyuzi kumi na nane. Nikabadilisha namba ya baridi tunayoitaka. Pale pale, kabla sijaondoa kidole, namba ya baridi iliyopo nayo ikageuka kumi na nane. Chumba kikubwa kama ukumbi wa harusi hakiwezi kubadilika kwa kufumba na kufumbua. Niliketi chini kwenye sakafu. Nilijua kila kitu kwa mara moja: baiti nne, pweza, Charo, karatasi zangu nzuri.

Nilisahihisha kwa robo saa. Nilifuta kumi na mbili nikaandika kumi na sita, na baadaye nikafuta njia yote ya mkato nikaanza kuomba kwa jina kama nilivyopaswa tangu awali. Fundi wa mitambo alipokuja akasema mashine ya chumba cha pili inaumwa siku nyingi. Hakuna aliyeunganisha hayo mawili ila mimi. Na mimi nikanyamaza. Mamako alikuwa na mimba ya mdogo wako, nilikuwa naogopa kufukuzwa, nilikuwa naogopa kuchekwa, na siku zilivyozidi nikawa naogopa kuulizwa kwa nini sikusema mapema. Hizo ni sababu, nazo hazinisafishi. Mtu alipoteza jina lake nami nilikuwa na ushahidi wa kumrudishia, nikaukalia.

Habari za mambo haya huenda mbio. Stoo zote za Changamwe zilimfungia Charo mlango. Leo anachanganya saruji kwenye majumba mapya ya Utange, na mgongo wake ni wa mtu aliyezoea kusimama, si kuinama. Nilikutana naye siku moja soko la Kongowea. Nilitaka kujipenyeza nyuma ya magunia ya viazi, lakini alikuwa ameshaniona, akanisalimu yeye kwanza.

"Salama, Athmani? Na mtoto, yule wa kupenda kuuliza, hajambo?"

Alikukumbuka wewe. Uliwahi kwenda stoo siku moja nami, ukiwa mdogo sana, akakuonyesha kikombe. Nikajibu hajambo, nikasema nina haraka.

Ningeendelea hivyo hivyo mpaka kaburini, nakwambia kweli. Kilichonivunja ni wewe, mwezi uliopita, hapa hapa mezani. Ulikuwa ukifanya mtihani wa kazi waliokutumia kutoka Nairobi, wa kuhamisha programu kutoka processa za aina moja kwenda za aina nyingine. Nikapita nyuma yako na glasi ya maji, nikakusikia unahesabu kwa kidole: kichwa kumi na mbili, namba ya kwanza nne, ya pili inaanzia kumi na sita. Nikakuuliza kwa nini huombi kwa jina. Ukajibu bila kugeuka, na sauti yako imejaa furaha, "Njia yako ya mkato, Baba. Si ndiyo uliyonifunza ulipokuwa ukinihadithia ya stoo?"

Ulikuwa na haki. Nilikuwa nimekufunza ujanja wangu wote, nikakuficha ujanja huo ulimfanyia nini mtu. Nilikwambia ifute, ukaifuta, ukapata kazi, alhamdulillahi. Lakini hukujua unafuta nini, na mtu asiyejua sababu hurudia siku akiwa na haraka. Kule uendako utakuwa na haraka kila siku. Utakutana na mashine ambazo hujawahi kuziona, zenye vichwa vya ukubwa mwingine, zinazotaka namba ndefu zianzie mahali maalumu na kuacha mapengo ambayo hukuyatarajia. Mashine iulize, itakujibu. Na akija mtu kukwambia kwamba mkono wake umehisi kitu ambacho skrini yako haikionyeshi, inuka. Hata kama hajui kusoma skrini. Yeye amegusa mlango.

Juzi nilimweleza mamako yote. Nilidhani atalia, au atanisema. Alikuwa akichambua mchele. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Kumbe ndicho kikombe hicho. Nenda kwa bosi kwanza, usiende kwa mwenzio mikono mitupu."

Leo asubuhi nilipokwambia nakwenda kununua kamba za sanduku, nilikwenda Changamwe. Bosi amezeeka pale pale kazini, sawa na mimi, na bado anakaa kiti kile kile. Nilimsomea nilichoandika: kwamba kumbukumbu za chumba cha pili zilikuwa za uongo, kosa ni la programu yangu, Charo alisema kweli mara mbili na hakusikilizwa. Nikamtaka atie sahihi na muhuri wa stoo.

"Athmani, hayo ya kale. Mtu mwenyewe hata hatujui yuko wapi."

"Mimi najua. Yuko Utange."

"Wataka kunitia aibu uzeeni?"

"Aibu ni yangu, jina langu liko juu. Wewe ni muhuri tu."

Akakataa. Nikavuta kiti nikakaa. Akapokea simu, akanywa chai, akatoka, akarudi, mimi nipo. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali pale pale pembeni ya kabati lake la mafaili, nikarudi kitini. Mwisho akaichukua kalamu kwa hasira, akapiga muhuri mpaka meza ikaruka, akasema na Jumatatu nisije. Nikasema vyema. Basi ujue kwamba babako hana kazi ya stoo tena. Usianze kulia wala kusema utaahirisha safari, nitakubeba mwenyewe nikutie ndani ya treni. Fundi wa miaka hamsini na miwili hafi njaa Mombasa.

Karatasi imo mfukoni mwa kanzu niliyoitundika nyuma ya mlango. Kesho nitaisoma mbele ya Charo, na mkewe awepo, na majirani wakitaka kusikia wasikie, kwa sauti, maana alivyochafuliwa haikuwa kwa kunong'ona. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifungia mlango, na mlango ni wake. Siuendei msamaha, naenda kumpa kilicho chake.

Wewe nakutaka kwa sababu najijua. Nikiwa peke yangu nitafika uani kwake, nitaulizia watoto, nitalalamikia joto, nitasifu mnazi, na nitaondoka. Nimeshafanya hivyo mara mbili tangu siku ile ya mtihani wako, kama wataka kujua, na mara zote nilirudi nyumbani nikamwambia mamako nilikuwa kwa kinyozi. Basi kesho simama nyuma yangu. Ukinisikia nimeanza kusema habari za mvua, niite mara moja tu, "Baba." Usiongeze neno. Nikiisikia sauti yako siwezi kukimbia.

Nitakitoa kikombe kwenye friza tutakapokuwa tunaingia kwenye teksi, nami nitakipakata mwenyewe. Kwa joto hili la Mombasa barafu haitafika Utange. Ikiyeyuka ikanimwagikia kanzu, iache. Shilingi itashuka mpaka chini, kama siku ile, na ndivyo nitakavyompa. Nitakiinamisha mbele ya macho yake ili aone ndani, nami nitatizama pamoja naye, kisha nitamjibu lile neno aliloniambia na ambalo sikumjibu.

Imezama, Charo. Nimeiona.

Babako,
Athmani